Mafuta Hayapandi

Mwalimu mmoja wa Ngamiani, Tanga, alirithi Peugeot 404 kutoka kwa baba yake, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge. Gari lilikaa uani miaka kadhaa bila kuwashwa. Alipoamua lirudi barabarani, kila fundi aliyefunua boneti alimpa jibu lilelile: mafuta hayapandi. Kwa hilo hawakukosea. Walitofautiana kwenye dawa. Wa kwanza alimuuzia pampu mpya. Wa pili alifungua kabureta na kuiosha. Wa tatu alibadilisha plagi zote nne, na koili juu yake. Fedha za mwalimu ziliisha, na injini ikaendelea kuzungushwa na stata bila kushika, mpaka betri nayo ikachoka.

Fundi wa nne alikuwa mtu mzima ambaye gereji yake haikuwa hata na kibao. Alikuja na mwanafunzi wake, kijana aliyebeba mkoba wa spana, lakini mkoba ule ulikaa chini muda mrefu bila kufunguliwa. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alianza kuuliza. Gari lilisimama lini? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Liliegeshwa juani au kivulini? Kisha likaja swali lililomshangaza mwenye gari: siku ya mwisho lilipotembea, lilizimika vipi?

Mwalimu alikumbuka. Baba yake alikuwa akirudi kutoka Muheza. Gari lilianza kupoteza nguvu, likakohoa, likavuta tena, likakohoa, likazimika kando ya barabara. Baada ya kupumzika kidogo liliwaka, likafika nyumbani, na halikutoka tena kwa sababu baba aliugua.

"Basi, mwalimu, ugonjwa huu ni wa zamani," fundi akasema. "Wenzangu wametibu gari lililolala uani. Hili lilikuja nao kutoka njiani."

Swali lile lina uzito. Umeme ukikatika, injini ya petroli hunyamaza papo hapo. Mafuta yakikatika, kibakuli cha kabureta bado kina akiba ndogo, na injini huendelea kuinywa: inapungua nguvu, inakohoa, inavuta tena tone likiwahi, kisha inakata. Dereva aliyekuwa makini siku ile ameshafanya sehemu kubwa ya upimaji bila kushika spana. Mafundi wengi hawamuulizi, na hilo ni hasara kwa pande zote mbili.

Wanaolijua gari lenyewe hawatashangaa kwamba mtu aliligharamia hivyo. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960. Umbo lake lilikuwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na sedani yake ilijulikana kwa injini ya sentimita za ujazo 1,618 iliyolazwa upande kwa nyuzi 45. Ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo madereva walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania katika tope la Pasaka. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Ufaransa iliacha kutengeneza sedani hiyo 1975, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 404 mpaka 1991.

Kwa fundi, uzuri wake mwingine ni kwamba njia yote ya mafuta inafuatika kwa macho na mikono. Tangi liko nyuma. Bomba jembamba la chuma linapita chini ya sakafu hadi mbele, mpira mfupi unaingia kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, na mpira mwingine unapanda kwenye kabureta. Hakuna kompyuta, hakuna taa ya kuonya. Palipo na kizuizi, mtu anaweza kupafikia.

Fundi huyu alijifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika gereji ya shamba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Spea hazikuonekana dukani hata kwa mwenye fedha mkononi. Pampu iliyokuwapo ilifunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa tena. Gasketi zilikatwa hapo hapo kwa karatasi nene iliyolazwa juu ya chuma na kugongwa kingo kwa nyundo. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa adimu, hakuna aliyethubutu kukihukumu kifaa bila ushahidi, maana ukikitupa kizima kwa kudhani kimekufa, gari lililala miezi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na taratibu spea zikarudi madukani. Ilikuwa nafuu kubwa, na hakuna fundi wa umri ule anayetamani siku za uhaba zirudi. Lakini pamoja na spea ilikuja tabia ya kubadilisha kwanza na kupima baadaye. Kijana aliyeanza kazi mbele ya rafu zilizojaa pampu hakulazimika kujua pampu inakufaje. Gari la mwalimu lilikuwa limepita mikononi mwa tabia hiyo, fundi baada ya fundi.

Mzee alianzia nyuma ya gari, kwenye tangi. Geji ya dashibodi ilionyesha robo, naye hakuiamini. Alishusha kipande kirefu cha waya mgumu kwenye mdomo wa tangi mpaka kikagonga chini, akakitoa. Kililowa kiasi cha vidole vinne. Mafuta yalikuwapo. Kisha akaunusa waya, akampa na kijana aunuse.

Petroli mpya hupiga pua kwa ukali na hukauka mara moja ikiguswa na hewa. Hii ilinuka vanishi, na ilipokauka juu ya waya iliacha utando wa hudhurungi uliong'ang'ania kidole. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi vinavyochemka kwa viwango tofauti vya joto. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowezesha injini baridi kushika moto, huwa vya kwanza kuvukiza na kupotea. Vinavyobaki huungana na oksijeni ya hewa na kugeuka ulimbo. Tangi lenye mafuta kidogo huumia zaidi kwa kuwa ndani yake mna hewa nyingi, na hewa ya Tanga ina unyevu wa bahari. Usiku bati likipoa, unyevu ule hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini kabisa. Kutu huanzia hapo, na bomba la kunyonya mafuta nalo linakaa hapohapo.

Mafuta yale mabovu yalinyonywa yakawekwa kando, tangi likatiwa petroli mpya. Kwa umeme mzee alipita haraka. Plagi moja ilitolewa, ikarudishwa kwenye waya wake, ikalazwa juu ya chuma cha injini mbali na mafuta, stata ikapigwa kwa betri ya kuazima. Cheche ilikuwa ya buluu, yenye nguvu. Plagi yenyewe ilikuwa kavu kabisa. Plagi kavu baada ya stata ndefu ni ushahidi kwamba petroli haijafika kwenye silinda. Ingekuwa imelowa na kunuka petroli, shtaka lingegeuka: injini imejaa mafuta, au cheche ndiyo dhaifu.

Akatoa kifuniko cha chujio la hewa, akachungulia koo la kabureta huku akisukuma waya wa resi kwa kidole. Kabureta yenye mafuta hurusha mchirizi mwembamba unaoonekana waziwazi resi inaposukumwa. Hapa haukutoka. Hapo akamimina petroli safi kiasi cha kizibo cha soda ndani ya koo lile. Kabla hajaruhusu ufunguo uguswe, alimtuma kijana apeleke kopo la petroli upande wa pili wa ua, akarudisha kifuniko cha chujio, akahakikisha hakuna uso ulioinama juu ya injini. Injini inaweza kurudisha moto kupitia kabureta, na ndevu ndicho kitu cha bei ndogo zaidi kinachoweza kuungua hapo.

Mwalimu alipiga stata. Injini ikashika, ikanguruma sekunde chache, ikazimika.

Majirani walifikiri imeshindikana tena. Mzee alifurahi. Sekunde zile zilimaliza mjadala mrefu: plagi zinafanya kazi, koili inafanya kazi, majira ya cheche hayajapotea, injini ina pumzi ya kutosha. Kila kitu kinachohusu kuwaka kilikuwa kimeachiwa huru. Palibaki njia ya mafuta peke yake.

Hapa ndipo waliotangulia walipoteleza. Walichomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, wakapiga stata, wakaona hakuna kinachotoka, wakaihukumu pampu. Lakini pampu mbovu na pampu nzima iliyonyimwa mafuta hazitofautiani kwa upande ule. Zote mbili hazitoi kitu. Anayetaka kujua ukweli lazima aipe pampu mafuta ambayo hayana shaka.

Mzee aliutoa mpira unaoleta mafuta kutoka nyuma, na mahali pake akafunga mpira mwingine angavu, unaoonyesha kilichomo ndani. Ncha yake ilizamishwa kwenye dumu dogo la petroli safi lililowekwa chini kando ya gurudumu. Mpira wa kutokea ulielekezwa ndani ya chupa. Waya mkuu wa koili ulichomolewa na kufungwa kwenye chuma cha gari ili pasiruke cheche. Badala ya stata, kijana aliingiza mtaimbo mbele ya gari, maana 404 ina nafasi yake, akazungusha injini kwa mkono, polepole, ili kila pigo la pampu lionekane.

Mizunguko michache haikuleta kitu. Kisha mstari wa petroli ulianza kupanda ndani ya mpira: ukasogea, ukasimama, ukasogea tena. Mzee alimwambia kijana ahesabu. Kila mizunguko miwili ya injini ilileta pigo moja, kwa sababu mhimili wa kamu, unaousukuma mkono wa pampu, huzunguka kwa nusu ya kasi ya injini. Ndani ya pampu, mkono ule huvuta dayaframu, kipande cha mpira mwembamba, na springi huirudisha. Valvu mbili ndogo huhakikisha mafuta yanaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Petroli ilifika kwenye pampu, ikapotea humo kidogo, halafu ikaruka chupani kwa mchirizi mfupi, ikanyamaza, ikaruka tena.

Pampu mpya ilikuwa nzima. Mzee akaulizia ya zamani. Ilikuwa ndani ya buti, imefungwa gazeti. Aliishika mkononi, akaziba tundu la kuingizia kwa kidole gumba, akausukuma mkono wake. Pampu ikakivuta kidole na kukishikilia. Nayo ilikuwa nzima. Haikuwahi kuwa na kosa.

Kwa jaribio lile la dumu, mzee alikuwa ameikata njia ya mafuta vipande viwili na kukisafisha kimoja na tuhuma. Kama angefungua vifaa kimoja baada ya kingine, angemaliza siku. Dumu lilimpa jibu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai: pampu yenyewe haina tatizo, kuanzia pampu kurudi nyuma lipo. Ni njia inayofaa kwa gari lolote la kabureta, iwe Land Rover ya zamani, Datsun au Volkswagen ya injini nyuma, na inashangaza ni mara chache kiasi gani inatumika, ilhali vifaa vyake ni dumu na mpira.

Kijana aliinama akataka kuvuta kwa mdomo kwenye bomba linalotoka tangini. Mzee alimshika bega. Petroli ikiteleza kwenda kwenye pafu, hata kiasi kidogo, inaweza kuliunguza na kuleta homa ya mapafu inayoua. Mafundi wa kizazi chake walinyonya petroli kwa mdomo kila siku, na ilikuwa petroli yenye risasi, sumu inayoharibu ubongo na neva. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Duniani kote ilikoma kuuzwa kwa magari mwaka 2021, Algeria ilipoacha ikiwa ya mwisho. Risasi imeondoka. Hatari ya kuvuta kwa mdomo haijaondoka, na inapaswa kukoma katika kila gereji.

Basi ikaletwa pampu ya baiskeli. Kijana alipuliza hewa kwenye bomba kutoka mbele, mzee akiwa ameweka sikio karibu na mdomo wa tangi uliofunguliwa. Mipigo ya kwanza ilikuwa mizito, hewa ikirudi nyuma. Kisha kitu kikaachia, na ndani ya tangi pakasikika mbubujiko. Mipira na waya wa koili vikafungwa tena, stata ikapigwa, kabureta ikajaa, injini ikawaka na kubaki inawaka. Mwalimu alipiga makofi. Watoto wakakimbilia nyuma kupanda.

Kazi nyingi za gereji huishia hapo. Mteja ana furaha, fundi anadai fedha yake. Mzee alikataa kupokea. Alisema gari liende kwanza njia ya Muheza, kwa sababu lile lililomzimikia marehemu njiani bado halijapatikana.

Lilipita Pongwe vizuri. Mbele kidogo lilianza kupungua nguvu, likakohoa, likavuta, likakata. Vilevile kama mwalimu alivyosimulia. Mzee alishuka akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi, akakifungua huku akisikiliza. Tangi linahitaji kupumua. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, kila tone linalotoka huacha ombwe nyuma yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta, na kifuniko kikifunguliwa hewa huingia kwa mlio wa kufyonza. Hapakuwa na mlio. Tuhuma hiyo ikaondoka. Ya pili ilikuwa joto: petroli huanza kuchemka katika joto la chini, na bomba lililo karibu na injini likijaa mvuke, pampu hupiga mvuke badala ya mafuta. Dawa ya madereva wa zamani ni kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu. Lakini mzee alikuwa ameuacha ule mpira angavu kati ya bomba na pampu makusudi kwa safari hii fupi, na alipofunua boneti aliona umekuwa mtupu kuanzia upande wa tangi. Pampu ilikuwa inavuta, na nyuma kulikuwa kumezibwa.

Walikaa kivulini. Baada ya dakika chache, bila kuguswa chochote, gari likawaka.

Anayelijua tatizo hili atakuwa ameshalitambua. Ndani ya tangi mlikuwa na magamba ya kutu. Injini ikinyonya, magamba yalielea na kukusanyika kwenye mdomo wa bomba kama majani ya chai kwenye chujio, mpaka hakuna kilichopita. Injini ikizimika, mvuto uliisha, na magamba yakaanguka chini. Njia ikafunguka. Gari likawaka na kwenda umbali mwingine kama ule. Kila mara fundi alipolifungua lilikuwa limepona. Hii ndiyo sababu tatizo la aina hii hula fedha za watu kwa miaka: ushahidi hujificha mara tu gari linaposimama. Kwa gari la mwalimu, ulimbo wa miaka ya kulala uligandisha magamba yale mdomoni mwa bomba, ndipo likaacha kuwaka kabisa.

Tangi lilishushwa. Lilipoinamishwa juu ya beseni, petroli ilitoka na rangi ya udongo, na mwishoni vikamiminika vipande vyembamba vya kutu, vingine vikubwa kama kucha. Mzee alivipitisha kwenye kitambaa cheupe na kumwonyesha mwalimu, ili aone kwa macho yake alicholipia. Ndani ya tangi zikatiwa kokoto safi na kipande cha mnyororo pamoja na maji ya sabuni, wakalitikisa kwa zamu, wakasuuza, wakarudia mpaka maji yakatoka meupe. Lilianikwa juani likakauka kabisa kabla ya kuguswa na petroli tena.

Palikuwa na tundu dogo lililofunuliwa na kokoto. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea alijitolea kuliziba palepale kwa sababu tangi lilikuwa tupu na limeoshwa. Mzee alikataa kwa sauti ambayo kijana hakuwahi kuisikia kwake. Petroli iliyo kimiminika haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, kuanzia takribani asilimia 1.4 hadi 7.6 ya ujazo. Tangi lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo, lakini lililo tupu lina nafasi tele, na mvuke hujificha kwenye mishono na ndani ya kutu hata baada ya kuoshwa. Mzee alikuwa amemwona mwenzake wa gerejini akiungua kwa tangi tupu. Tundu lilizibwa kwa gundi ya chuma isiyohitaji moto.

Si kila gari lenye neno "mafuta hayapandi" lina kutu tangini, na mzee alikuwa mwepesi kusema hivyo kwa wanafunzi waliomfuata baadaye. Kuna mpira uliopasuka upande wa kunyonya, ambao hautoi hata tone, kwa sababu humo mafuta hayasukumwi. Unavuta hewa, na mtu anayetafuta uvujaji kwa kuangalia chini ya gari hataupata. Kuna dayaframu iliyotoboka na kumwaga petroli ndani ya oili. Hiyo hugunduliwa kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Kuna sindano ya kabureta iliyoganda kwenye kiti chake baada ya gari kulala, ambayo mara nyingine huachia kwa kugonga ubavu wa kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi. Kuna mkono mdogo wa kupampu kwa kidole uliomo kwenye pampu nyingi, ambao ukiwa mlegevu watu husema pampu imekufa, kumbe kamu imesimama mahali inapousukuma. Zungusha injini kidogo, nguvu inarudi.

Na kuna mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli na dizeli, na wapo waliochanganya. Injini baridi hukataa mchanganyiko huo kwa kuwa mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kugundua uchanganyaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iishe. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa lengo hilohilo. Kipimo cha mzee kilikuwa karatasi nyeupe: tone la petroli safi hukauka bila kuacha doa, lenye mafuta ya taa huacha alama ya mafuta.

Linalobaki ni la fedha, na mafundi hawapendi kulizungumza. Mteja hulipa kwa moyo anapokabidhiwa kitu: pampu ndani ya boksi, plagi nne zinazong'aa. Fundi akitumia nusu siku kuuliza, kunusa na kusikiliza, kisha akasema pampu ni nzima, mteja huona hakufanyiwa kazi. Mfumo huo unamlazimisha hata fundi mwaminifu auze spea ili ale. Wapo wanaouza kwa tamaa, lakini wengi wanafanya hivyo kwa sababu hakuna anayenunua upimaji, na ingekuwa haki mteja alaumiwe pamoja nao.

Mzee aliandika hesabu yake kwenye karatasi ya daftari, mistari miwili: kupima, na kuosha tangi. Mstari wa kwanza ulikuwa na fedha nyingi kuliko wa pili. Mwalimu aliusoma, akauliza kwa nini, akaelezwa, akalipa yote. Pampu ya zamani ilirudi mahali pake na chujio jipya la plastiki likafungwa mbele yake, lile la kuonyesha ndani, ili mwenyewe alichungulie kila Jumamosi. Chujio la kwanza liligeuka kahawia likabadilishwa, la pili likakaa safi. Pampu mpya ilipata mnunuzi Korogwe, mwenye 404 ambaye yake ilikuwa imetoboka kweli.